Mtambo wa kujazia risasi: Uchague vizuri, lakini usivuke nao Rusizi

KILA anayerejea nyumbani hurudi na mazoea ya huko alikotoka. Aliyeishi Kigoma hurudi na mapenzi ya migebuka na mawese. Aliyeishi Ubelgiji hawezi kukaa bila kahawa yake ya asubuhi. Aliyeishi Marekani naye hurudi na mambo ambayo majirani zake wa Kamembe hawajapata kuyasikia, na mojawapo ni hili la mtu kujitengenezea risasi mwenyewe, mezani kwake, kama fundi saa.

Nimeulizwa habari hiyo na mzee mmoja aliyeishi Texas miaka mingi na sasa anajenga hapa wilayani Rusizi. Hakuniuliza kama jambo hilo linawezekana, maana kwake ni la kawaida. Aliniuliza mambo mawili tu: mtu anayeanza anunue mtambo gani, na ushuru wake forodhani ni kiasi gani.

Nimeona nijibu hapa gazetini, kwa sababu swali hili si la mzee huyo peke yake. Wapo ndugu zetu ambao bado wako ng'ambo na wanafunga mizigo ya kurudi. Wapo pia wafanyabiashara wa mpakani ambao hawajawahi kuona mtambo huo, lakini kila wiki hupitiwa mikononi na maganda ya risasi ndani ya magunia ya shaba chakavu. Wote wawili sheria inawatazama kwa jicho moja.

Risasi ina vitu vinne

Tuanze na kitu chenyewe. Watu wengi wakisema "risasi" hudhani ni kipande kimoja cha chuma. Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Chini ya ganda kuna fataki, kidonge kidogo kinachotoa cheche kinapopigwa na pini ya bunduki. Ndani ya ganda kuna baruti. Na juu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka.

Bunduki ikilia, fataki imekwisha, baruti imeungua na kichwa kimekwenda. Kinachobaki ni ganda, nalo ndilo sehemu ya gharama kubwa. Likiwa la shaba nzuri linaweza kutumika tena mara kadhaa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuliokota, kulisafisha, kulirudisha katika umbo lake, kulitia fataki mpya na baruti mpya, na kulifunga kwa kichwa kipya.

Huko Marekani jambo hili si siri wala si jipya. Kampuni ya RCBS ilianza mwaka 1943 katika mji wa Oroville, jimbo la California. Hornady ilianza mwaka 1949 katika jimbo la Nebraska. Mwaka 1958 mtu aitwaye Richard Lee wa Wisconsin alitoa kifaa kidogo cha mkono ambacho mtu alikigonga kwa nyundo, akapata risasi moja moja. Leo vifaa hivi vinauzwa dukani waziwazi, karibu na viatu vya kuwindia na ndoano za samaki. Anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu ya nchi ile. Akitaka kuuza anazojaza, leseni inatakiwa.

Wanaofanya hivyo wana sababu mbili. Ya kwanza ni kupunguza gharama. Ya pili ni shabaha: risasi iliyopimwa kwa ajili ya bunduki moja hupiga sawasawa kuliko ya kiwandani, ambayo imetengenezwa iingie katika kila bunduki ya aina ile.

Anayeanza achague nini?

Kwa wale ambao bado wako huko na wataendelea kukaa huko, jibu langu ni fupi: anzeni na mtambo wa hatua moja.

Mitambo iko ya aina tatu. Upo wa hatua moja, ambao kila ukivuta mkono wake unafanya kazi moja kwa ganda moja. Upo wenye kichwa kinachozunguka, unaobeba kalibu kadhaa kwa pamoja ili usihangaike kuzibadilisha. Na upo wa mfululizo, ambao kila ukivutwa mkono mara moja, maganda kadhaa yanasogea na risasi moja iliyokamilika inadondoka kwenye kibakuli.

Mgeni wa kazi huvutiwa na huo wa tatu kwa sababu ya kasi yake. Lakini kasi hiyo ndiyo hatari yake. Kazi nne zikifanyika kwa wakati mmoja, jicho la mwanafunzi haliwezi kuzifuata zote. Ganda moja likipata baruti mara mbili, bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Mtambo wa hatua moja ni wa polepole, na kwa anayejifunza upolepole huo ni faida, maana anaona kila ganda, kila hatua.

Baada ya mtambo, vitu vinavyofuata ni hivi. Kwanza kitabu cha vipimo kilichotolewa na watengenezaji wenyewe wa baruti au wa vichwa; asiye na kitabu asianze kabisa, na maneno ya rafiki hayachukui nafasi ya kitabu. Pili, kalibu zinazolingana na bunduki yake, pamoja na kishikio cha ganda. Tatu, mizani. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo zinazotimiza ratili moja. Greni moja ni kama miligramu 65 tu. Mizani ya duka la sukari haiwezi kuiona tofauti hiyo. Nne, kalipa ya kupimia urefu wa ganda na wa risasi iliyokwisha kufungwa. Mwisho, miwani ya kulinda macho.

Ukiwa na fedha kidogo, bana kwingine kote lakini usibane kwenye mizani na kitabu. Mtambo wa bei nafuu utakuchelewesha tu, ila mizani mbovu itakuumiza.

Hesabu ya faida

Wafanyabiashara watataka kujua kama kuna faida. Vifurushi vya wanaoanza hupatikana kuanzia kama dola 200, na vya kati hufika dola 400 au 500. Tuseme mtu amenunua cha dola 400, na kila risasi anayojaza inamwokolea senti 20. Itambidi ajaze risasi 2,000 ndipo arudishe fedha zake. Kama hupiga shabaha risasi 50 kwa mwezi, hiyo ni miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne kabla hajaona faida hata ya senti moja.

Isitoshe, vitu vya kujazia havipatikani wakati wote. Kuanzia mwaka 2020, wakati wa janga la korona, fataki ziliadimika katika maduka ya Marekani na bei zikapanda sana. Watu wenye mitambo mizuri walikaa wakiitazama. Kwa hiyo anayepiga mara chache anunue risasi za dukani, aache mambo ya kujaza. Mtambo humfaa anayepiga mara nyingi na anayependa kazi yenyewe.

Kwenye ndege na kwenye kontena

Sasa tuje kwa anayerudi. Hapa jibu linageuka kabisa.

Baruti na fataki haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria inayotoka Marekani, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Hili halina kibali cha kuombea pale uwanjani. Mtu akigunduliwa nazo, safari yake inaweza kuishia hapo hapo, hata kabla hajaiota Kigali, sembuse Kamembe.

Wengine husema, "Basi nitaweka kwenye kontena pamoja na makochi." Ndugu msomaji, kumbuka kontena linapita wapi. Likishukia Dar es Salaam linavuka Rusumo. Likishukia Mombasa linapita Kenya na Uganda kabla ya kufika Gatuna. Mzigo mmoja unagusa sheria za nchi mbili au tatu, na nchi zote hizo zinatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Katika orodha ya bidhaa zenye masharti ya sheria hiyo, silaha na risasi za Sura ya 93 ya vitabu vya forodha zimetajwa waziwazi. Sura hiyo haihesabu risasi nzima peke yake; na sehemu za risasi zimo.

Kwa hiyo swali la ushuru ni kiasi gani halipo. Kwa bidhaa ya namna hii, kinachoulizwa kwanza ni kibali. Pasipo kibali, hakuna ushuru unaoweza kulipwa ukaisafisha.

Sheria ya hapa nyumbani

Rwanda ilikuwa na sheria ya silaha ya mwaka 2009, kisha ikatunga nyingine mwaka 2018. Msingi wake haujabadilika: silaha na risasi si mali ya mtu kujiamulia. Anayetaka kumiliki anahitaji kibali cha vyombo vinavyohusika, na kutengeneza bila ruhusa ni kosa.

Nchi yetu haiko peke yake katika hili. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, na Rwanda ilikuwamo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu bunduki, iliyopitishwa mwaka 2001, inaeleza risasi kuwa ni risasi kamili au sehemu zake: ganda, fataki, baruti na kichwa, pale ambapo sehemu hizo zinahitaji kibali katika nchi husika. Vile vitu vinne nilivyovitaja mwanzo, ambavyo duka la Texas linauza kimoja kimoja, hapa vinaweza kukushitaki kimoja kimoja.

Katika ukanda wetu risasi hutoka viwanda vya serikali. Tanzania ina Mzinga kule Morogoro, Kenya ina kiwanda Eldoret, na Uganda ina cha Nakasongola. Hakuna mahali ambapo serikali imemwachia raia afanye kazi hiyo chumbani kwake kwa mapenzi yake.

Atakayesema kwamba mbona wenyeji nao hujaza wenyewe, huenda anakumbuka gobole. Wale walioishi Kigoma na Katavi, au ng'ambo ya ziwa upande wa Congo, wanalijua: bunduki ya kienyeji inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomoni, bila ganda. Ni kweli, huko ndiko kujaza risasi kwa kienyeji. Lakini wenye magobole yasiyo na kibali wamekuwa wakisakwa na polisi na askari wa wanyamapori, na Tanzania iliikaza sheria yake ya silaha na risasi mwaka 2015. Anayelitumia bila vipimo hajui limebeba nguvu kiasi gani mpaka limempasukia.

Tena hapa Rusizi risasi hiyo ingekuwa ya kumpiga nani? Msitu wa Nyungwe ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya 2000, na mwaka 2023 uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Nyati wa mwisho wa msitu huo aliuawa miaka ya 1970. Tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999. Mwindaji hana kazi halali ya kufanya humo.

Maganda ndani ya gunia

Niwageukie sasa wafanyabiashara wa mpakani, hasa wanaonunua injyamani, yaani vyuma chakavu.

Bukavu iko hapo, unaiona kwa macho ukiwa juu ya kilima cha Kamembe. Vita vilivyopita upande ule ni vingi: mwaka 1996, Juni 2004, na Februari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa M23, jeshi la serikali likaondoka na silaha nyingi zikabaki nyuma. Kila vita huacha maganda barabarani na mashambani. Watoto huyaokota, mama huyaweka pamoja na sufuria zilizotoboka, na mwisho yanaingia kwenye gunia la kilo za shaba linalotafuta njia ya kuvukia Rusizi ya Kwanza au ya Pili.

Wapo wanaodanganywa kwamba maganda hayo yana bei kubwa kuliko shaba nyingine, kwa sababu "kuna watu wanayajaza tena." Niwaeleze ukweli wa kiufundi. Maganda mengi yanayookotwa huku ni ya bunduki aina ya AK. Mengi kati ya hayo ni ya chuma kilichopakwa rangi au shaba kwa juu tu. Yapitishie sumaku utaona. Tena kwa kawaida ganda la namna hiyo lina fataki ya mtindo uitwao Berdan, yenye matundu mawili madogo ndani badala ya moja. Vifaa vya kawaida vya kujazia vimetengenezwa kwa mtindo mwingine, uitwao Boxer, wenye tundu moja katikati. Kwa hiyo hata yule mzee wa Texas, na mtambo wake wote, angeyatazama maganda hayo na kuyatupa.

Cha ajabu ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer alikuwa Mwingereza, lakini Wamarekani wenyewe ndio walioshika mtindo wa Boxer kwa ajili ya urahisi wa kujaza tena.

Kwa hiyo ganda la mpakani halina thamani kwa mjazaji, na ukienda nalo kwa muyeyushaji wa shaba mara nyingi utakuta ni chuma. Kilichobaki ni hasara mbili. Ya kwanza ni kusimamishwa mpakani ukiulizwa umetoa wapi vitu vya vita. Mfanyabiashara mdogo akipoteza siku tatu akijieleza, mtaji wake wa nyanya au wa unga umekwisha. Hata akiachiwa, wateja wamekwisha hamia kwa mwingine.

Hasara ya pili ni mwili wake. Ndani ya gunia la maganda huingia risasi nzima ambayo haikulia. Tazama: kama kichwa bado kipo juu, hiyo ni risasi hai, hata kama fataki yake ina alama ya kupigwa, maana zipo zinazopigwa zisilie. Ikitupwa kwenye moto wa muyeyushaji italipuka. Na ganda tupu lenye fataki isiyo na alama ya pini katikati, nalo lina uwezo wa kulipuka kwenye joto. Kuigonga kwa jiwe ili kutoa kichwa, kama nilivyopata kuona vijana wakifanya, ni kucheza na vidole na macho.

Ufanye nini?

Kama bado uko ng'ambo na una mtambo, uuze huko huko kabla ya kufunga mizigo. Vifaa hivi hudumu miaka mingi na wanunuzi wa vilivyotumika wapo. Fedha yake itakufaa zaidi hapa ukinunulia mabati. Baruti na fataki zilizobaki mpe mwenye kuzitumia kihalali huko huko. Usizitupe jalalani wala usizichome.

Kama kontena limekwisha kutoka bandarini na unajua kuna kitu cha namna hiyo ndani, mweleze wakala wako wa forodha mapema, kwa maandishi, kabla kontena halijafunguliwa. Anayejitaja mwenyewe husikilizwa tofauti na anayegunduliwa. Usikiandike kama "vyombo vya nyumbani." Neno hilo likiwa la uongo linakuwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Kama unanunua chakavu, mwaga gunia chini mchana kweupe mbele ya muuzaji kabla hujapima. Ukiona ganda, likatae. Ukiona risasi nzima, guruneti au kitu usichokijua, usikiguse wala usikihamishe. Weka watu mbali, kisha piga 112 au mwite kiongozi wa mudugudu wako. Na wewe uliyezoea kutuma watoto kuokota vyuma, waambie ni vitu gani wasiviguse, maana mtoto huvutiwa na kila kinachong'aa.

Kama lengo lako ni kuanza kazi ya mikono nyumbani, na una hizo dola 400, hapa Kamembe kuna mahitaji ya cherehani, ya mashine ya kuchomelea na ya mizani ya kupimia mazao. Hizo tatu hazihitaji kibali cha silaha, na zinaanza kurudisha fedha mwezi ule ule unaozinunua.